Mama aliahidiwa kupanda meli wa kwanza, akapanda karibu wa mwisho. Ni nini hasa hutokea pale ukumbini?

#1 Mtoto wa Chumbageni

Habari zenu wakuu. Nina swali lililonikaa kooni tangu Desemba, na naamini humu wapo waliofanya kazi melini, au waliosafiri na mtu mwenye ulemavu, ambao wanaweza kunielewesha.

Mama yangu alipatwa na kiharusi miaka sita iliyopita. Mguu na mkono wa kushoto havina nguvu, na hutumia kiti cha magurudumu cha kusukumwa, kile cha kukunja. Alipokuja kutoka Tanga kunitembelea Houston, nilimkatia safari ya siku 7 katika meli ya kitalii inayoondokea Galveston na kuzunguka Karibi ya magharibi. Nilijaza fomu ya mahitaji maalumu mapema, nikapata chumba chenye mlango mpana na bafu la kuingia na kiti, na katika uthibitisho iliandikwa wazi kwamba abiria wanaohitaji kusukumwa watapanda kwanza.

Tulifika katika ukumbi wa abiria bandarini saa 5 asubuhi. Mama alipewa karatasi ya kubandika yenye picha ya kiti na namba 4, akaibandika mwenyewe juu ya mtandio wake, akaisawazisha kwa kidole kama mtu anayepanga nishani. Tukawekwa pembeni, chini ya kiyoyozi, pamoja na watu kama 30 wenye viti. Kuanzia saa 6 yakaanza kuitwa makundi: la kwanza, la pili, la tatu. Walipofika kundi la 22 sisi bado tumekaa. Mama, ambaye muda wote huo hakuwa amesema neno, akaniuliza: "Hawa wanaotupita, wanakwenda meli hii hii?"

Tulipanda saa 8 na dakika 40. Kampuni siitaji kwa sababu sitafuti ugomvi, natafuta sababu. Kwa nini anayeahidiwa kutangulia ndiye anayebaki?

#2 Baharia Mstaafu

Mpe mama pole. Nimefanya kazi miaka 11 katika meli za kitalii, minne ya mwisho nikiwa mlangoni, pale ambapo daraja la kupandia hugusa meli, kwa hiyo naomba nianze.

Meli mliyoikuta mchana ilifunga gati alfajiri ya siku hiyo hiyo ikiwa imejaa abiria wa safari iliyokwisha. Marekani, meli inayotoka bandari za nje haianzi kupokea abiria wapya mpaka maofisa wa uhamiaji na forodha waridhike kwamba wa zamani wote wameshuka. Sisi tulikuwa tukiita hesabu ya sifuri. Wanaokawia kushuka mara nyingi ni hao hao wenye viti, si kwa uvivu, bali kwa sababu wanasubiri wasukumaji. Na wasukumaji wanaoshusha asubuhi ndio wale wale wanaopandisha mchana.

Msukumaji mmoja huchukua abiria mmoja, humpitisha kwenye ukaguzi, humpandisha darajani, humfikisha karibu na lifti, kisha hurudi mikono mitupu. Kadiria dakika 15 kwa kila mzunguko. Kwa watu 30 na wasukumaji wanne, tayari zimekwisha saa mbili. Hakuna aliyewadharau, ni hesabu tu.

#3 Mtoto wa Chumbageni

Ahsante Baharia, maelezo yako yanaeleweka, lakini yana matundu mawili. Kwanza, hesabu ya sifuri inaeleza kwa nini watu wote walisubiri mpaka saa 6, haielezi kwa nini makundi 22 yalitutangulia baada ya hapo. Pili, mama alikuwa na namba 4. Kama ni foleni ya wasukumaji wanne, angepanda katika mzunguko wa kwanza. Isitoshe, niliwaambia kwamba mama ana kiti chake mwenyewe na mimi nina mikono miwili, niachieni nimsukume, wakakataa.

#4 Kaka Magongo

Wakuu, mimi natembea kwa magongo tangu nikiwa na miaka mitatu, polio, na nimesafiri mara mbili na meli za aina hiyo, kwa hiyo mniruhusu niseme lisilosemwa. Kati ya wale 30 wenye viti, wangapi bado wanavihitaji usiku? Mimi nimeona kwa macho yangu bwana mmoja aliyesukumwa mchana mpaka mlangoni huku akiugua, na usiku nikamkuta sitahani anacheza muziki bila hata fimbo. Bahari ile ina miujiza kuliko kikombe cha Loliondo. Watu wamegundua kwamba ukiomba kiti unaruka foleni ya ukaguzi, basi kila mwenye kisigino kinachouma anaomba kiti, na mama mwenye kiharusi cha kweli anasubiri nyuma yao.

#5 Muuguzi wa Minnesota

Kaka Magongo, umenichekesha, lakini usihukumu. Kutembea mita mia kadhaa za ukumbi, kisha kusimama nusu saa katika foleni, ni tofauti kabisa na kucheza dakika tano huku umezungukwa na viti vya kukalia. Mtu mwenye moyo uliochoka au mwenye selimundu anaweza kufanya la pili na asiweze la kwanza. Nina wagonjwa ambao asubuhi huwezi kuwatofautisha na wewe, na ikifika alasiri hawawezi kuinua kikombe.

Kuhusu udanganyifu, kanuni za Wizara ya Usafirishaji ya Marekani za mwaka 2010 kwa vyombo vya abiria zinazuia kwa ujumla kumtaka abiria alete cheti cha daktari kwa sababu tu ana ulemavu. Hivyo aliyepo mlangoni hana kipimo; akiombwa kiti, anatoa kiti. Pale ambapo kanuni hizo zimekaza zaidi ni kwenye vyumba maalumu. Kwa kuwa ni vipana, watu wenye afya wasio na ulemavu walikuwa wakivikimbilia, kwa hiyo sasa anayevikata hutakiwa kuthibitisha kwamba ndani ya chumba atakuwemo mtu mwenye ulemavu anayekihitaji.

#6 Mzee wa Likoni

Vijana mmezunguka sana na hamjagusa maji. Nimeishi kando ya bandari ya Kilindini tangu utotoni na nimepakia na kupakua meli kwa miaka isiyopungua 30. Daraja la kupandia si ngazi ya nyumba. Ncha moja imekaa kwenye gati lisilosogea, ncha nyingine imekaa kwenye meli inayopanda na kushuka na maji. Hapa kwetu, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita tatu. Daraja lililokuwa karibu tambarare saa 3 asubuhi linaweza kuwa mlima saa 9 alasiri. Msimamizi mwenye akili hampandishi mtu wa kiti kwenye mlima. Husubiri maji yafike usawa. Wanaotembea kwa miguu hawana shida hiyo, ndiyo maana wakatangulia. Mwanangu aangalie saa za maji za siku ile, atapata jibu lake.

#7 Nyuki wa Ghuba

Shikamoo mzee wa Likoni. Kwa Kilindini maelezo yako ni sahihi kabisa, ila kwa Galveston hayasimami. Naishi dakika 20 kutoka bandari hiyo na huvua samaki pale karibu kila wiki. Ghuba ya Mexico haina maji makubwa kama Bahari ya Hindi. Tofauti ya kupwa na kujaa hapa ni kiasi cha nusu mita, na siku nyingine hata haionekani. Bamvua ya hapa ukiipeleka Mombasa watu watadhani bahari imelala.

#8 Mzee wa Likoni

Marahaba. Nusu mita? Hiyo si bahari, ni beseni. Basi nalegeza kuhusu maji, lakini daraja silitoi. Upepo wa kusukuma meli kutoka gatini, mafuta na maji yanayopakiwa, hata mlango unaotumika kama uko sitaha ya juu au ya chini, vyote hubadilisha mwinamo. Mwenye uzi hajatuambia daraja lilikuwaje.

#9 Mtoto wa Chumbageni

Shikamoo mzee. Daraja lilikuwa refu, la kukunjana, limefunikwa juu na pembeni, linapanda kwa zamu mbili na kona katikati. Kila baada ya hatua kumi hivi kulikuwa na bati linalounganisha kipande kimoja na kingine, na magurudumu madogo ya mbele ya kiti yalikuwa yakikwama papo hapo. Msukumaji, kijana mkimya, alipofika kwenye bati aliinua magurudumu ya mbele kidogo kwa kukanyaga chuma cha nyuma, akasukuma, akayashusha. Mama alihesabu mabati saba. Siku ya kushuka walimgeuza, wakamteremsha kinyumenyume, uso ukiangalia meli. Alisema hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuondoka mahali huku anapaangalia.

Kwa hiyo mwinamo ulikuwepo, lakini haukuwa mkali. Msukumaji mmoja aliumudu.

#10 Kaka Magongo

Mnazunguka wakati sheria ipo wazi. Marekani ina sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, na inasema meli zote lazima zimpe mtu mwenye ulemavu haki sawa. Ungewashitaki, ungelipwa, ungenunua meli yako.

#11 Wakili Asiye na Joho

Ndugu yangu Magongo, sheria hiyo haikuwa wazi hata kidogo kwa meli hizi, na ndiyo maana jambo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Meli nyingi zinazopakia abiria Texas na Florida zimesajiliwa nje: Bahamas, Panama, Malta na kwingineko. Sheria ya 1990 haikutaja meli za bendera ya kigeni. Mwaka 2000 mahakama moja ya rufaa ilisema inazihusu, mwaka 2004 nyingine ikasema haizihusu.

Waliokwenda mbele, jambo litakalomvutia mwenye uzi, walikuwa abiria waliopanda meli kutokea Houston mwaka 1998 na 1999. Kesi inaitwa Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, na hukumu ilitolewa Juni 2005. Abiria wale walidai kwamba walitozwa nauli ya juu zaidi, walitakiwa wasafiri na mwenza, na kwamba vifaa na mipango ya kuokoa watu vilikuwa mahali wasipoweza kufika. Mahakama ilisema sheria inazihusu meli za kigeni zikiwa katika maji ya Marekani, lakini ikaweka mpaka: haizilazimishi kubomoa na kujenga upya pale ambapo kufanya hivyo kungegongana na mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, wala haiingilii mambo ya ndani ya meli bila Bunge kusema hivyo waziwazi.

Sasa rudi ukumbini. Kumtoza mama zaidi kungekuwa kosa. Kumkatalia kupanda bila sababu ya usalama kungekuwa kosa. Lakini kumpandisha saa 8 badala ya saa 6? Ahadi ya kutangulia ilitokana na hisani ya kampuni, haikutokana na sheria. Ukienda mahakamani na saa mbili na dakika 40 za kusubiri, jaji atakuuliza meli iliondoka saa ngapi.

#12 Mtoto wa Chumbageni

Iliondoka saa 10 jioni.

#13 Wakili Asiye na Joho

Basi umejibiwa.

#14 Mpemba wa Hamburg

Salamu kutoka Hamburg. Huku Ulaya mambo yameandikwa zaidi. Kanuni namba 1177 ya mwaka 2010 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 18 Desemba 2012, inasema ukitoa taarifa ya mahitaji yako angalau saa 48 kabla, mchukuzi na mwendesha bandari wanawajibika kukusaidia kupanda, kushuka, na kufika kwenye kiti au chumba chako. Wewe nawe unatakiwa uwepo mahali palipopangwa kwa wakati mlioambizana. Wakiharibu kiti chako kwa uzembe, hulipa thamani ya kukitengeneza au kununua kingine. Na wakikulazimisha usafiri na mtu wa kukusaidia, mtu huyo husafiri bure.

Nadhani ugonjwa wa Galveston upo kwenye neno "mwendesha bandari". Uliandikiana na kampuni ya meli, lakini wasukumaji wa ukumbini mara nyingi si waajiriwa wa meli. Wanatoka kampuni ya bandari au wakala. Barua yako ilisomwa melini, haikusomwa ukumbini.

#15 Wakili Asiye na Joho

Rekebisho moja tu kwa Mpemba: mwenza wa kusafiri bure ni kwa huduma za kawaida za abiria, yaani feri na vyombo vya namna hiyo. Kwa safari za kitalii za meli kanuni hiyo haimpi mwenza nauli ya bure. Mengine yote sawa.

#16 Mpemba wa Hamburg

Nakubali, nimeisoma tena na ni kweli. Mke wangu amefurahi sana kwamba nimesahihishwa hadharani.

#17 Kimya Kikuu

Hamjambo. Mimi ni kiziwi, mzaliwa wa Kisumu, naishi Uingereza, na nilisafiri kutoka Southampton. Nasoma uzi huu naona kila mmoja anazungumzia magurudumu, na mimi nina swali tofauti kwa mwenye uzi: namba ziliitwaje?

Mimi nilikuwa kundi la 9. Nilikaa nikiangalia mlango, na kwa kuwa watu walikuwa wakinyanyuka kila wakati sikujua yupi ni wa kundi gani. Namba zilitangazwa kwa kipaza sauti, hapakuwa na ubao. Niligundua nimepitwa nilipoona karatasi ya mtu aliyekuwa akiingia imeandikwa 15. Nilikuwa nimejaza fomu kama wewe, na melini nilikuta kila kitu kimeandaliwa kwa ustadi: taa inayomulika mtu akigonga mlango, na kidude cha kuweka chini ya mto kinachotetemeka king'ora kikilia. Lakini ukumbini nilikuwa abiria asiyejulikana. Naungana na Mpemba katika #14: meli ilijua, ukumbi haukujua.

Na msidhani kuleta mkalimani kunamaliza kazi. Zipo meli zinazoondokea Marekani ambazo huleta mkalimani ukiomba wiki nyingi kabla, lakini ni wa lugha ya ishara ya Kimarekani. Mimi natumia ya Kenya. Herufi za vidole tunakaribiana na Wamarekani, za mkono mmoja, ilhali Waingereza hutumia mikono miwili. Maneno yenyewe ni lugha tofauti.

#18 Kaka Magongo

Karibu Kimya Kikuu, ila kwetu Tanzania tunasema lugha ya alama, si ya ishara. Ishara ni ya trafiki.

#19 Kimya Kikuu

Kwetu hata trafiki haionyeshi ishara, anapunga tu. Na lugha yetu imetajwa katika Katiba ya 2010 kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mkiiweka yenu mnaweza kuiita mtakavyo.

#20 Kaka Magongo

Nimenyamaza.

#21 Mtoto wa Chumbageni

Kimya Kikuu, umenishtua. Namba ziliitwa kwa kipaza sauti, kwa Kiingereza cha Texas kilichofumbana, na kwa kweli sikumbuki kusikia namba za viti zikiitwa hata mara moja. Niliambiwa na dada mmoja pale: "Tutakuja kuwachukua." Nikakaa nikisubiri kuchukuliwa.

#22 Mkaazi wa Malindi

Assalaam alaykum. Natembeza wageni Mji Mkongwe, Unguja, na meli kubwa za kitalii zinapokuja huku mara nyingi hutia nanga nje, wageni wakaletwa kwa mashua za melini. Wengi mnafikiri kupanda meli ni jambo la siku ya kwanza tu. Si hivyo. Kwenye safari ya siku 7 abiria hupanda na kushuka kila bandari, na mtihani mkubwa upo pale ambapo meli haigusi gati.

Nimepokea mgeni mmoja wa kiti, mzee wa Kidachi, aliyeteremshwa mashuani na mabaharia wanne bahari ikiwa shwari. Aliporudi saa 9, upepo wa kaskazi umeshapanda na maji yamekupwa. Mashua ilikuwa inapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyekimbia. Mabaharia walisubiri, wakamshika, wakahesabu mawimbi mawili, na la tatu lilipoinua mashua ikawa usawa wa ngazi, wakamvusha kwa pumzi moja. Kiti chake kilikuja mashua iliyofuata. Hapa kwetu tofauti ya maji hukaribia mita nne, kwa hiyo mzee wa Likoni asivunjike moyo.

Ningependa kujua mama wa mwenye uzi alishukaje huko Karibi.

#23 Mtoto wa Chumbageni

Wa alaykum salaam. Cozumel alishuka bila tabu kwa sababu meli hufunga gati, ingawa gati lenyewe ni refu na jua lilikuwa halina huruma. Belize City hakushuka. Maji ya huko ni ya kina kifupi, meli hutia nanga mbali, na abiria huchukuliwa na boti za mwendo kwa safari isiyopungua robo saa. Ofisa alikuja, akaliangalia wimbi, akamwangalia mama, akasema leo haiwezekani. Hakuwa na ubaya, hata alitaka radhi. Mama alikaa sitahani akala embe, akasema lina nyuzi kuliko la Muheza.

Jambo lililoniuma ni kwamba kukataliwa huko Belize nilielezwa sababu kwa dakika moja nikaridhika, na kucheleweshwa Galveston hakuna aliyenieleza mpaka leo.

#24 Dada wa Kigamboni

Samahani kwa kuingilia. Mnalalamikia saa mbili chini ya kiyoyozi. Kaka yangu hana miguu yote miwili kutokana na ajali, na mwaka juzi alisafiri Dar kwenda Unguja na boti ambayo siitaji. Palikuwa na ngazi nyembamba ya chuma, hakuna daraja. Wachukuzi wawili walimbeba, mmoja kwapani, mmoja kiunoni, huku wanapatana bei juu ya kichwa chake. "Huyu mzito, elfu tano haitoshi." Yeye alikuwa anawasikia. Alilipa, akaketi, akasema wao angalau wamempandisha wa kwanza.

#25 Muuguzi wa Minnesota

Dada wa Kigamboni, pole sana kwa kaka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania Bara ni ya mwaka 2010, na Zanzibar ilipitisha yake tangu 2006, kwa hiyo huwezi kusema hakuna karatasi. Lakini tafadhali msimwambie mwenye uzi kwamba kwa kuwa wapo waliobebwa, mama yake asiulize. Kila mmoja ana ngazi yake.

#26 Baharia Mstaafu

Nimesoma yote, na nina la kuongeza ambalo huenda litawaudhi baadhi yenu. Katika #2 nilisema ni hesabu tu. Sikusema yote. Baada ya ajali ya Costa Concordia ya tarehe 13 Januari 2012, ambapo watu 32 walikufa, kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu 2015 zoezi la kujiokoa hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Zamani lingeweza kufanyika hata kesho yake. Katika dharura lifti hazitumiki. Mtu wa kiti hushushwa ngazi na mabaharia kwa kiti maalumu cha kubebea, na kwa hiyo mlangoni sisi tulikuwa na orodha: nani yupo chumba gani, anahitaji watu wangapi. Kama orodha haijakamilika, au majina ya ukumbini hayalingani na yetu, ofisa wetu alikuwa akisema kwa redio: "Viti visimame kwanza." Wengine waliendelea kuingia.

Je, ndivyo ilivyokuwa Galveston? Inawezekana. Na kuhusu namba 4, kwetu namba ya kiti haikuwa ya foleni. Ilikuwa ya eneo la kukalia. Wote mliokaa karibu na mama huenda walikuwa na 4.

#27 Mtoto wa Chumbageni

Baharia, nimempigia mama Tanga kumuuliza. Anasema bibi wa kulia kwake alikuwa na 4, na bwana wa kushoto alikuwa na 11. Bwana huyo aliondoka kabla yetu.

#28 Kaka Magongo

Huyo wa 11 ndiye niliyemkuta anacheza.

#29 Nyuki wa Ghuba

Kuna sababu moja ambayo hakuna aliyeitaja, labda kwa haya: fedha. Wanaolipia vyumba vya juu na wale waliokwisha kusafiri mara nyingi na kampuni moja huwa na haki ya kutangulia kupanda. Kama wapo mia tatu, na bwana wa 11 ni mmoja wao, kiti chake kilifuata pochi yake.

#30 Baharia Mstaafu

Nyuki, hilo lipo, ila wateja hao huisha ndani ya nusu saa ya kwanza. Halifiki kundi la 22.

#31 Mtoto wa Chumbageni

Wakuu, mrejesho. Niliwaandikia kampuni mara ya pili nikitumia maneno ya Mpemba kuhusu nani ni mwajiri wa wasukumaji. Jibu limekuja jana. Wamesema, kwa kifupi, kwamba wanasikitika, kwamba muda wa kupanda "hutegemea hali ya siku hiyo", na kwamba maoni yetu yamepelekwa kwa timu ya ufukweni. Hawakusema timu hiyo ni ya nani.

#32 Mpemba wa Hamburg

"Timu ya ufukweni." Nilisema.

#33 Mzee wa Likoni

"Hali ya siku hiyo" ni upepo. Nami nilisema.

#34 Nyuki wa Ghuba

Mimi na shemeji yangu, ambaye anatumia kiti cha umeme, tumekata safari ya Machi kutoka bandari hiyo hiyo. Nitaandika saa ya abiria wa mwisho kushuka, idadi ya wasukumaji, namba za kila kiti kilicho karibu nasi na nani ameondoka lini. Nitachukua na utepe wa kupimia, nipime mlango wa chumba kama unafika sentimita 81, na mwinamo wa daraja kama wataniruhusu kusimama. Kama kuna mtu anataka kitu kingine kipimwe, aseme sasa.

#35 Kimya Kikuu

Angalia kama kuna ubao wa namba. Upige picha.

#36 Mtoto wa Chumbageni

Nimemsomea mama ujumbe wa Nyuki kwa simu. Anasema daraja liachwe, lilikuwa zuri. Kipimwe kizingiti cha bafu, kwa sababu kile cha kwake kilikuwa na urefu wa vidole viwili, na kila usiku gurudumu la kushoto lilikuwa likikataa kukivuka.